Baridi Ni Mlinzi, Unyevu Ni Mwizi: Somo juu ya bustani ya nyumba na akiba ya chakula mlimani



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya mitihani, michezo, kwaya na habari za kanisa. Leo sisi wa darasa la sita tunaleta somo juu ya tumbo. Msicheke. Mwanafunzi aliyelala bila kula hasikii hesabu, hata mwalimu apige ubao namna gani.

Tuanze na ulizo moja. Udongo wetu wa Masisi ni mweusi na wenye nguvu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka. Tuko na viazi, maharagi, mahindi, mboga, ndizi na maziwa. Basi kwa nini nyumba nyingi ziko na miezi ambayo mama anageuza sufuria chini juu?

Wengi watajibu: vita. Ni kweli. Tangu vita vilipowaka tena mwaka wa 2021, watu wengi wa Masisi wamekimbia mashamba yao, wengine mara mbili, wengine mara tatu. Barabara inayoteremka Sake mpaka Goma ikifungwa, viazi vinaoza na mwenye navyo akivitazama. Juu ya vita sisi wanafunzi hatuna amri. Lakini juu ya gunia la maharagi lililo ndani ya nyumba, tuko na amri. Juu ya kipande cha udongo nyuma ya jiko, tuko na amri. Somo hili ni juu ya vile tulivyo na amri navyo.

1. BARIDI YETU NI YA NAMNA GANI?

Katika jiografia tulijifunza kwamba ukipanda mlima mita 1000, joto linapungua karibu digri 6. Kinshasa iko kwenye mita 300 hivi juu ya bahari. Goma iko karibu na mita 1500. Milima yetu ya Masisi fasi nyingi inapita mita 2000. Ndiyo maana mgeni kutoka Kinshasa akifika huku anauliza koti kabla ya kuuliza kiti.

Baridi hiyo ni msaada. Chakula kinaharibika kwa sababu ya viumbe vidogo: bakteria, kuvu na wadudu. Hivi vyote vinapenda joto. Katika baridi vinafanya kazi polepole, na kiazi chenyewe kinapumua polepole, kinachelewa kuzeeka. Kwa hiyo baridi yetu inalinda chakula bila kuomba mshahara.

Lakini baridi yetu iko na ndugu yake mbaya, ndiye unyevu. Kuna ukungu wa asubuhi, umande, mvua ya mchana na ukuta wa udongo usiokauka. Kuvu inapenda maji kuliko kitu chochote. Baridi inaichelewesha, unyevu unaiita.

Tutazame watu wengine wa milima. Huko Peru na Bolivia, Amerika ya Kusini, ndiko viazi vilikotoka. Wakulima wa milima ya Andes tangu zamani sana wanatandaza viazi nje usiku ili vigande kwa baridi kali. Mchana wanavikanyaga kwa miguu ili maji yatoke, halafu jua linavikausha. Kiazi kinabaki kikavu na chepesi, na kinakaa miaka. Je, sisi tunaweza? Hapana. Baridi yao ni kali hata maji yanakuwa barafu, na hewa yao ni kavu. Baridi yetu ni ndogo, na hewa yetu imejaa maji. Kwa hiyo tusichukue njia ya watu bila kutazama hewa ya kwetu.

Tena tusidanganyike kwamba nyumba ya mlimani ni friji. Friji inakaa karibu na digri 4. Usiku wetu hauteremki hivyo, na mchana jua linapanda. Nyama na maziwa mabichi havilali siku nyingi huku, hata kama sisi tunatetemeka.

Kutokana na hayo tunapata kanuni moja ya somo zima: kila chakula kiko na mlango wake. Kuna chakula kinachotaka baridi, kuna kinachotaka ukavu, na kuna kinachotaka kugeuzwa kabla hakijaoza. Ukikosea mlango, kazi yote ya jembe imepotea.

2. BUSTANI ISIYOFUNGWA

Huko Ulaya baridi inafunga bustani kwa miezi. Theluji inaanguka, hakuna mmea unaokua, kwa hiyo watu walilazimika kujifunza kuweka akiba. Kwetu bustani haifungwi hata siku moja. Labda ndiyo sababu tulichelewa kujifunza. Tunafikiri kesho itatoa tu.

Lakini mlimani mmea unakua polepole. Mahindi yanayovunwa upesi kule chini yanakaa shambani miezi mingi huku juu. Tena tunapanda vyote siku moja, vinaiva siku moja. Wiki mbili tunakula shu asubuhi na jioni mpaka watoto wanalalamika, na wiki inayofuata hakuna kitu. Basi akiba ya kwanza inaanza wakati wa kupanda.

Fanya hivi. Usimwage mbegu yote ya karoti au ya shu kwa siku moja. Gawanya mara tatu au nne, na uache siku 15 katikati. Hivyo meza itapata mboga mwezi baada ya mwezi. Tena chagua mimea inayokubali kungojea katika udongo. Poaro inasimama kitaluni wiki nyingi bila kuharibika. Karoti vilevile, kama maji hayatuami. Mateke unachimba unapoyahitaji. Udongo wa baridi ni ghala isiyo na kufuli, na mama anaingia humo kila jioni na kisu chake.

Mambo mengine ya kuangalia katika bustani ya baridi:

(a) Chagua fasi inayopata jua la asubuhi. Umande ukikaa juu ya majani mpaka saa sita, magonjwa yanakuja.

(b) Inua vitalu, upana kama mita moja, ili maji yapite pembeni. Katika mteremko, vitalu vikate mlima, visiufuate kwenda chini, la sivyo mvua itachukua udongo pamoja na mbegu.

(c) Tia mbolea ya ng'ombe, ya mbuzi au ya majani yaliyooza. Mbolea mbichi inaunguza mizizi. Iache ilale kwanza katika shimo lililofunikwa.

(d) Usipande kitu kile kile fasi ile ile kila mara. Nyuma ya viazi weka maharagi, nyuma ya maharagi weka shu au vitunguu.

3. VIAZI: GIZA KWA SUFURIA, MWANGA KWA MBEGU

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapotelea. Viazi vyote vinatiwa katika gunia moja, gunia linasimamishwa katika kona. Lakini kiazi cha kula na kiazi cha mbegu ni kama watoto wawili wenye tabia mbalimbali.

Kiazi cha kula kinataka giza, baridi na hewa. Kikiona mwanga siku nyingi kinakuwa kijani na kichungu. Ule uchungu ni sumu, inaitwa solanini. Kiazi cha namna hiyo kisipikwe, zaidi sana kwa watoto. Kabla ya kuvuna, kata mashina na uache viazi katika udongo karibu wiki mbili, ili ngozi ikomae. Vuna siku isiyo na mvua. Usivioshe. Vilivyokatwa na jembe viliwe kwanza. Vilivyo vizima vilazwe juu ya kitanda cha miti, katika chumba chenye giza, vifunikwe kwa majani makavu. Hewa ipite chini. Kila wiki mtoto mmoja apewe kazi ya kupapasa na kunusa: kimoja kilichooza kiondolewe siku ile ile, maana maji yake yanaharibu jirani zake.

Kiazi cha mbegu kinataka mwanga, lakini si jua lenyewe. Kiazi kipya hulala miezi miwili au mitatu kabla ya kuchipuka. Kikichipukia katika giza kinatoa vichipukizi virefu vyeupe, vyembamba kama uzi, vinavyovunjika tunapopanda. Kikichipukia katika mwanga wa kivuli kinatoa vichipukizi vifupi, vinene, vya kijani, vyenye nguvu. Basi mbegu itandazwe tabaka mbili tu juu ya kichanja, chini ya paa la nyasi au chini ya upenu wa nyumba. Ikiwa kijani si neno. Hiyo si ya kula.

Na mbegu inachaguliwa lini? Si siku ya mavuno, wakati shamba limekwisha kukauka na wote wanafanana. Inachaguliwa wakati mimea inapotoa maua. Pita katika mistari, tazama mimea yenye afya, isiyo na majani yaliyojikunja wala yaliyonyauka, na uchomeke kijiti kando ya kila mmoja. Siku ya mavuno, chimba kwanza penye vijiti. Katika hiyo chukua viazi vyenye ukubwa wa yai la kuku.

Tufanye hesabu. Ari moja ni mita 10 kwa mita 10. Ukiacha sentimeta 80 kati ya mistari na sentimeta 30 kati ya mbegu, unahitaji mbegu 400 hivi. Kwa ukubwa wa yai, hizo ni karibu kilo 20. Kila nyumba ijue hesabu hiyo, na izitenge kilo hizo kabla ya kupika kiazi cha kwanza. Mwenye kula mbegu amekula shamba la mwaka ujao, na mwezi wa pili atazunguka kwa majirani na kikapu kitupu.

Angalisho kubwa: tusiweke tumaini lote katika viazi. Mwaka wa 1845 ugonjwa wa mildiu uliingia Ireland, nchi ya baridi na mvua. Masikini wa nchi ile walikula karibu viazi tu. Majani yalikauka shambani, na vile vilivyovunwa vilioza ndani ya akiba. Katika miaka iliyofuata watu karibu milioni moja walikufa, na wengine kama hao walihama nchi. Mildiu ile ile iko hapa Masisi. Tunaijua kwa madoa meusi yanayoanza majani yakishinda na maji. Kwa hiyo nyumba yenye viazi iwe na maharagi, na yenye maharagi iwe na mahindi.

4. MAHARAGI NA MAHINDI: KUFUKUZA MAJI

Maharagi na mahindi vinakaa mwaka mzima vikiwa vikavu kweli. Neno ni hilo: kweli. Mkono unadanganya, zaidi sana asubuhi ya baridi, kwa sababu punje baridi inaonekana kavu.

Kuna jaribio moja lisilotaka mashine. Chukua chupa ya glasi iliyo kavu kabisa. Tia punje mpaka robo. Ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri. Ziba, tikisa sana, kisha iache robo saa. Chumvi ikishika kando ya chupa, punje bado ziko na maji, zirudishwe juani. Chumvi ikianguka chini bila kushika, punje zinafaa kuwekwa.

Kukausha kwetu kuko na saa zake. Usitandaze kabla umande haujaondoka, yaani kama saa tatu asubuhi. Uondoe saa tisa alasiri, kabla hewa haijawa baridi. Hewa ya joto inabeba maji mengi. Ikipoa inayaacha juu ya kile kilicho karibu, nacho ni maharagi yako. Usitandaze juu ya udongo mtupu. Weka mkeka, hema au kichanja. Tena punje zilizotoka juani zipoe kwanza kivulini kabla ya kufungiwa. Zikifungiwa zikiwa moto zinatoa jasho ndani ya chombo, na kuvu inaanza.

Siku za mvua tupu, wazee wetu walitumia dari ya juu ya moto. Ni hekima kubwa: joto linakausha, moshi unafukuza wadudu. Mahindi ya mbegu yaliyofungwa kwa maganda yake na kutundikwa pale hayaliwi na kitu. Lakini moshi unaharibu macho na kifua cha mama na mtoto. Basi jiko liwe na tundu la kutoa moshi.

Nyuma ya kukausha kuna adui mwingine: wale wadudu wadogo wanaotoboa maharagi. Katika baridi wanazaana polepole, lakini hawafi. Kuna njia mbili zisizo na sumu.

Ya kwanza ni majivu. Chekecha majivu makavu yaliyopoa, changanya na maharagi mpaka yajaze nafasi zote katikati ya punje. Mdudu hawezi kutembea wala kutafuta mwenzake. Siku ya kupika, osha tu.

Ya pili ni bidoni. Chukua bidoni safi na kavu ambayo haijabeba petroli wala dawa ya shamba. Ijaze maharagi makavu mpaka shingoni, itikise, ongeza tena, halafu ufunge kabisa, hata kwa mpira chini ya kifuniko. Usifungue kwa wiki nyingi. Wadudu waliomo wanatumia oksijeni iliyobaki, kisha wanakufa kwa kukosa hewa. Bidoni nusu haifai, maana hewa ni nyingi. Afadhali bidoni ndogo tano kuliko moja kubwa inayofunguliwa kila siku. Tena bidoni ndogo iko na faida ambayo hatupendi kuitaja: siku ya kukimbia inabebeka.

Dawa za kuua wadudu za shambani zisimwagwe juu ya chakula. Wengine wanafanya hivyo sokoni ili maharagi yapendeze macho. Ni kulisha watu sumu.

Na mahindi yenye kuvu? Wengine wanasema, «Hayo iko ya kupikia pombe ao ya kulisha kuku.» Hapana. Kuvu nyingine inaacha sumu inayoitwa aflatoksini, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka wa 2004, mashariki ya Kenya, mahindi yaliyowekwa na unyevu yaliugusha watu 317, na 125 kati yao walikufa. Walikuwa wakila chakula cha nyumbani kwao, katika ghala zao wenyewe. Punje zenye kuvu zitupwe mbali na wanyama.

5. MBOGA ZA MAJANI

Wakati wa mvua lengalenga inaota hata penye hatukupanda. Jua likikaa, mama anainunua. Majani yanaweza kuwekwa. Chagua majani mabichi yasiyo na madoa, osha, kata. Yatumbukize katika maji yanayochemka dakika mbili au tatu, uyatoe, uyachuje. Hiyo inaua vile vinavyoyaharibu na kulinda rangi. Kisha yatandaze kivulini penye upepo. Tunasema kivulini kwa sababu jua kali linaharibu vitamini A, ile inayolinda macho ya watoto.

Kwa sababu hewa yetu ni mbichi, sanduku linasaidia. Tengeneza sanduku la mbao au la matete, juu yake karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, ndani kichanja cha wavu, na kati ya wavu na plastiki kitambaa cheusi cha kuzuia jua lenyewe. Acha tundu chini mbele na tundu juu nyuma. Hewa inaingia chini, inapata joto, inabeba maji na kutoka juu. Majani yakivunjika mkononi kama karatasi, yamekauka. Yatiwe katika chombo kinachofungwa, fasi ya giza.

6. MAZIWA NA SHU: KUGEUZA KABLA YA KUOZA

Kuna vyakula ambavyo hata baridi yetu haiviwezi. Hivyo tunavigeuza. Tunamwita kiumbe mdogo mwema afike kabla ya yule mbaya.

Mfano ulio karibu ni fromaji ya Masisi, inayojulikana mpaka Kinshasa. Mzigo wa maziwa mabichi, juu ya barabara yetu, unaharibika kabla ya kuona Sake. Fromaji inafika. Maziwa yanapashwa moto kidogo, yanatiwa presure ili yagande, yanakatwa, maji yanatolewa, kinachobaki kinatiwa katika kiumbo, kinakandamizwa na kutiwa chumvi. Litre 10 za maziwa zinatoa karibu kilo 1. Halafu fromaji inalazwa juu ya mbao katika chumba cha baridi ili ikomae, na kila mara inageuzwa na kupanguswa. Hapo baridi ya mlima inafanya kazi ambayo kule chini ingetaka mashine na umeme. Katika vita vya miaka ya 1990 ng'ombe wengi wa Masisi waliporwa, lakini ufundi haukuporwa, kwa sababu ulikuwa ndani ya vichwa na mikono ya watu. Ng'ombe waliporudi, fromaji ilirudi.

Mfano wa pili ni shu. Inaiva kwa wingi, bei inaanguka, wengine wanawapa ng'ombe. Kuna njia ya watu wa Ulaya ambayo inatufaa. Kata shu nyembamba sana. Kwa kila kilo 1 tia gramu 25 za chumvi, ndiyo kijiko kikubwa kimoja na nusu. Ikande kwa mikono mpaka itoe maji yake. Isindilie katika mtungi au ndoo safi ya chakula, weka juu yake jiwe lililochemshwa ili shu izame chini ya maji yake yenyewe. Funika kwa kitambaa safi. Katika joto la nyumba zetu inakuwa chachu kwa wiki nne mpaka sita. Bakteria wema wanafanya asidi, na ile asidi inafukuza wale wabaya. Ikinusa vizuri na kuwa chachu, iko tayari. Ikinusa uozo au ikiwa na kuvu ndani, itupwe. Nahodha Mwingereza James Cook, katika safari yake ya 1768 mpaka 1771, alibeba shu ya namna hiyo ili mabaharia wasipate ugonjwa wa fizi unaoletwa na kukosa vitamini C.

Hapa tuweke angalisho. Wengine wamesikia kwamba Wazungu wanaweka maharagi yaliyopikwa na nyama katika chupa zilizofungwa. Mfaransa Nicolas Appert ndiye aliyetangaza njia ya chupa mwaka wa 1810. Lakini kuna bakteria ambaye mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka tu, na ndani ya chupa isiyo na hewa anafanya sumu ya kuua. Chakula kinaweza kuonekana kizuri na kumbe kimebeba kifo. Kwetu hatari ni kubwa zaidi: mahali pa mita 2000 maji yanachemka kwenye digri 93 hivi, si 100. Ndiyo sababu maharagi ya mlimani yanamaliza kuni. Basi nyama, maharagi na mboga visivyo na uchachu tusivifungie katika chupa bila sufuria ya mvuke na mtu aliyejifunza kazi hiyo. Tukaushe tu.

7. SEHEMU YA TANO

Wote tunajua habari ya Yusufu katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 41. Mara nyingi tunahubiri juu ya ndoto za Farao, na tunasahau hesabu. Yusufu hakusema «wekeni kidogo.» Alitaja sehemu ya tano ya mavuno, kila mwaka wa shibe. Tena alianza wakati ghala zilikuwa zimejaa na hakuna mtu aliyeona haja.

Tuchukue nyumba moja iliyovuna kilo 150 za maharagi. Sehemu ya tano ni kilo 30. Ikiwa nyumba ile inapika kilo 1 kwa siku, kilo 30 ni mwezi mzima. Mwezi ule ndio unaotenga mtoto anayemaliza mwaka na mtoto anayetumwa kutafuta kazi kwa watu. Tunaona kila mwaka viti vinavyobaki wazi mbele ya mavuno, na tunajua ni vya nani.

Kuna jambo gumu hapa, na hatutalificha. Baba anauza maharagi siku ya mavuno kwa bei ya chini kwa sababu shule inadai feza siku hiyo hiyo. Baada ya miezi mitatu ananunua maharagi yale yale kwa bei ya juu. Yeye si mjinga. Yuko na haja. Basi tunaomba wazazi na walimu wafikirie pamoja kama likelemba inaweza kufanywa ya bidoni: nyumba kumi ziweke kila moja bidoni moja wakati wa mavuno, na ziuze pamoja bei ikipanda, kwa ajili ya ada. Na mgeni aliyekimbia vita akifika bila kitu, iwepo bidoni ya kufungua. Akiba ya Mkristo haifungwi kwa jirani, la sivyo inakuwa choyo tu iliyokaushwa vizuri.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini baridi peke yake haitoshi kulinda maharagi.
2. Kiazi cha kula na kiazi cha mbegu vinawekwa wapi, na kwa sababu gani?
3. Fanya jaribio la chupa na chumvi nyumbani. Umeona nini?
4. Nyumba yenu inapika kilo ngapi za maharagi kwa siku? Ili kumaliza miezi minne, zinahitajika kilo ngapi? Bidoni ngapi?
5. Wanafunzi wa darasa la tatu: siku ya salongo ijayo leteni kila mmoja vijiti kumi. Tutapita katika shamba la viazi la shule wakati wa maua, tuchague mbegu pamoja.

Mwenye kujua njia ya bibi yake ambayo hatukuitaja hapa, aiandike na kumpa kiongozi wa darasa lake. Tutaiweka katika toleo linalofuata.

Bwana abariki kazi ya mikono yenu.

Kwa niaba ya wanafunzi wa darasa la sita.